Swali Si Pepo

Vijana wenzetu, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, leo tunasema wazi. Atakayekasirika akasirike, ila asome mpaka mwisho.

Hapa kambini ukiuliza swali gumu juu ya Mungu, unaambiwa una pepo wa mashaka. Kama ni mwanakwaya, unasimamishwa kwanza "uombewe". Na swali lenyewe ni lipi? Mungu alikuwa wapi siku kijiji chetu kinaungua? Juu ya nini aliyefunga siku saba kesi yake imekataliwa, na asiyeomba kabisa amepanda ndege? Sasa hapo pepo yuko wapi?

Tufungue Biblia. Ayubu alizika watoto kumi, akamdai Mungu majibu. Rafiki zake wakamwambia lazima kuna dhambi ameficha. Mwisho wa kitabu, Mungu anawakasirikia hao rafiki. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila haleluya. Yohana Mbatizaji akiwa gerezani alituma watu kumuuliza Yesu kama ndiye kweli, au wamngoje mwingine. Yesu hakukemea pepo. Alimrudishia jibu, kisha akamsifu mbele ya watu. Na Tomaso? Wiki nzima alikuwa na mashaka yake, na bado wenzake walikuwa naye nyumba moja. Hakuna aliyemtoa nje.

Wazee wetu wanasema: imani ndiyo kitu pekee tulichovuka nacho mpaka, msiitikise. Tunawaelewa. Mama zetu wamesimama kwa maombi, na sisi tumelelewa na maombi hayo. Lakini wazee wetu, hatujaona kijana aliyeacha kanisa kwa kuambiwa "mwanangu, hata mimi sijui". Tumeona walioacha kwa kunyamazishwa. Wanaondoka kimyakimya, na wengine wanaumia peke yao ndani ya nyumba za matope.

Tena aliyekatazwa kuuliza ndiye rahisi kuuziwa. Anaambiwa atoe mbegu ili kesi yake ifunguke, na anauza unga wa mgao, juu hajazoea kuuliza: imeandikwa wapi?

Na kuna swali kubwa zaidi. Rwanda, 1994, watu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyarubuye, wakauawa humohumo. Kati ya wauaji walikuwemo waliobatizwa. Waumini wasiozoea kuuliza, siku wakiamriwa ubaya, watapata wapi ujasiri wa kusema hapana?

Nanyi wa mashirika, msicheke. Kijana akiwaambia "Mungu ameniacha", mnageuza karatasi, mnaendelea na swali la saba la fomu. Hatuwaombi mhubiri. Wekeni kalamu chini, msikilize. Hilo neno ndilo jeraha lake.

Tunachodai ni kidogo: Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, saa moja ya maswali. Mchungaji akijua, ajibu. Asipojua, aseme hajui, tuombe pamoja. Asiandikwe jina mtu, asitolewe kwenye kwaya mtu.

Sisi hatutaki kutoka kanisani. Tungetaka kutoka, tungenyamaza tu kama wengine. Tunauliza kwa sababu bado tunaamini yuko anayesikia.