Ukilala onsen ya Japani, vua zote uingie majini na wenzako

Hebu sema ukweli. Ukiona zile video za Nagano, nyani wenye nyuso nyekundu wameketi kwenye maji yanayofuka mvuke huku theluji ikiwaangukia vichwani, kinachokusumbua si bei ya tiketi tu. Kuna swali lingine: kwani nitavua nguo zote mbele ya watu nisiowajua?

Ndiyo, utavua. Na kama huwezi, afadhali hizo pesa uzipeleke Diani.

Nasema hivi kwa sababu nawajua vijana wenzetu kadhaa waliosafiri hadi kule milimani, wakalipa zaidi ili wapate chumba chenye bafu lake, wakajifungia ndani na simu. Picha zikatoka poa sana. Lakini ukiwauliza walikutana na nani, hawana jibu.

Chukua mfano wa Shibu, mtaa wa zamani katika mji wa Yamanouchi, chini ya milima ya Shiga Kogen ambako baadhi ya mashindano ya Olimpiki ya 1998 yalifanyika. Kutoka Tokyo unapanda treni ya kasi hadi Nagano, kama saa moja u nusu hivi, kisha treni ndogo hadi Yudanaka, halafu basi dakika chache. Unalala katika ryokan, hoteli ya kitamaduni. Hapo bei huhesabiwa kwa kila mtu, si kwa chumba, na mara nyingi chajio na kiamsha kinywa vimo ndani. Viatu unaviacha mlangoni. Ukimaliza kula unakuta godoro limetandikwa juu ya mikeka.

Mtaani mle kuna mabafu 9 ya umma, na karibu yote yamefungwa kwa ufunguo. Ufunguo hupewa aliyelala Shibu. Aliyekuja kupiga picha na kurudi siku hiyohiyo atabaki nje. Jioni utaona wageni wakitembea kwenye baridi kali, wamevaa yukata, vazi jepesi la pamba, na viatu vya mbao kama mitalawanda ya Lamu, ko-ko-ko, kutoka bafu hadi bafu. (Yukata funga upande wa kushoto juu ya wa kulia. Kinyume chake ni kwa maiti, na watu wataguna.)

Sasa twende ndani. Wanaume kwao, wanawake kwao. Unavua kila kitu, unaketi kwenye kigoda kidogo, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza mpaka povu lote liishe. Ndipo unaingia. Maji yale si ya kuogea uchafu, ni ya kuloweka mwili uliokwisha kuwa safi. Kitaulo chako hakigusi maji, kinakaa kichwani. Simu inabaki nje. Mimi siku ya kwanza nilisimama dakika tano nikijifanya natafuta sabuni, na sabuni ilikuwa mbele yangu. Mzee mmoja akanionyesha kigoda kwa kidole, akaendelea kujisugua mgongo. Hakuwa na haja na mwili wangu. Alitaka tu nisiingie majini na vumbi la safari.

Wajapani wana msemo wa urafiki wa watu walio uchi, hadaka no tsukiai. Ndani ya maji huwezi kujua nani meneja na nani fundi wa kurekebisha vibao vya kuteleza. Kwa sisi tuliozoea kupimana kwa viatu na simu, hilo ni jambo kubwa.

Je, watakuangalia? Wewe ni Mwafrika katika kijiji cha mlimani, bila shaka watakuangalia kidogo. Na sitakudanganya kwamba mambo yamekuwa shwari siku zote. Kule Otaru, Hokkaido, bafu moja liliweka bango la kuzuia wageni, na likamfukuza hata mtu aliyekuwa amepata uraia wa Japani, kwa sababu sura yake ilikuwa ya Kizungu. Mwaka 2002 mahakama ya Sapporo iliamuru walalamishi 3 walipwe yen milioni 1 kila mmoja. Kwa hivyo ukikataliwa kwa ajili ya rangi yako, jua si desturi, ni makosa. Ila michoro ya mwilini ni kesi nyingine. Mabafu mengi bado huizuia kwa sababu huko inahusishwa na magenge ya wahalifu. Kama unayo, uliza kabla ya kulipa. Hapo ndipo bafu la chumbani lina maana, sawa na kwa yule ambaye dini yake haimruhusu kuvua mbele ya wengine.

Lakini kama tatizo lako ni tumbo, mapaja ama haya tu, mkumbuke Philip Boit. Mkoa huohuo wa Nagano, Hakuba, Februari 1998, Mkenya huyo alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92, katika mbio za theluji za kilomita 10. Alichelewa kwa kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, dunia nzima ikitazama. Dæhlie alimsubiri kwenye utepe akamkumbatia. Boit baadaye akampa mwanawe jina hilo la Dæhlie. Wewe unaogopa wazee wanne wenye vitaulo kichwani?

Ukiwa na siku ya ziada, nenda Nozawa Onsen. Mabafu 13 ya kijiji, bure, yanasafishwa kwa zamu na wenyeji wenyewe. Mlangoni kuna kisanduku cha mchango, tia kitu. Maji ni moto kweli, na usifungulie bomba la baridi ovyo, wenyeji hawapendi. Kaa dakika chache, toka, pumua, rudi. Pale Ogama, chemchemi yenye joto la karibu nyuzi 90, wanakijiji huchemsha mboga zao kama watu wanavyochemsha mayai Bogoria. Mgeni haruhusiwi kuingia, tazama ukiwa nje ya uzio.

Na alfajiri rudi majini kabla ya kula. Soma pazia la mlango kwanza, maana hoteli nyingine hubadilisha upande wa wanaume na wa wanawake usiku.