Diski Tunayo, Mwenyewe Yuko Wapi?

Tunaandika maneno haya juu ya jambo lililotupata hapa Lubumbashi, katika mkutano mmoja wa wapenzi wa mila. Sisi walimu watatu tulileta diski zetu za jazi, ile jazi ya avangadi, maana yake muziki wa wale wanaotangulia mbele ya wengine. Tulisikilizisha upande mmoja tu. Mbele diski haijakwisha, baba mmoja akasimama na kusema: «Balimu, ile makelele munasikilizaka ni ya nini? Ile njo mila ya bankambo?» Watu wakacheka. Sisi pia tulicheka, lakini tulirudi nyumbani na uchungu ndani ya roho. Leo tunajibu.

Lawama zao ni tatu: kwanza, ni makelele; pili, si yetu; tatu, kukusanya diski ni kazi ya matajiri wasio na la kufanya.

Tuanze na makelele. Mwezi wa Desemba 1960, huko New York, Ornette Coleman aliingiza watu wanane katika chumba kimoja, bendi mbili za watu wanne wanne, na wakapiga pamoja muda wa dakika 37. Bendi moja inasikika upande wa kushoto, ya pili upande wa kuume. Diski hiyo inaitwa Free Jazz. Mtu akiisikia mara ya kwanza, anashika kichwa. Lakini sisi tunamuuliza yule baba: mu matanga ya kijijini, ngoma zikiwa nne, kila moja na neno lake, na mama wanaitikia kwa wimbo wao, je, ni makelele? Mgeni atasema ndiyo. Mwenye kuzaliwa pale anajua ngoma ipi inaita na ipi inajibu. Basi, tofauti haiko ndani ya muziki, iko ndani ya sikio. Na sikio linafundishwa, sawa vile mtoto anafundishwa kusoma. Hakuna mwanafunzi wetu aliyejua hesabu siku ya kwanza.

Lawama ya pili: si yetu. Kweli, ni muziki wa Wamarekani weusi, na hatutaki kuwaibia. Lakini hao weusi walitoka wapi? Katika mji wa New Orleans kuko kiwanja ambapo watumwa walikuwa wakikutana siku ya Mungu, wanapiga ngoma na kucheza. Jina la kiwanja hicho mpaka leo ni Congo Square. Mwaka 1961 John Coltrane alitoa diski na bendi kubwa ya tarumbeta na saksofoni, akaiita Africa/Brass. Mwaka 1965, huko Chicago, wanamuziki walijenga chama chao cha kusaidiana na kufundisha vijana, AACM. Ndani ya chama hicho kukatoka Art Ensemble of Chicago, ambao walipanda jukwaani na nguo za Kiafrika na rangi usoni, pamoja na kengele, filimbi na ngoma ndogondogo. Mwaka 1969 Archie Shepp alikuja Algiers kwa sikukuu kubwa ya utamaduni wa Afrika, akapiga saksofoni yake pamoja na wanamuziki wa pale. Watu hawa walitutafuta. Na sisi? Sisi tuliandika neno «Jazz» juu ya orkestra zetu, African Jazz mwaka 1953, OK Jazz mwaka 1956, tukaona ni heshima. Leo ndugu anabisha mlango, tunasema hatumjui!

Sasa lawama ya tatu, na hapa tutawaudhi hata wenzetu wenye kukusanya. Sisi si matajiri. Mshahara wa mwalimu wote wanaujua. Diski zetu tulizipata moja moja, ingine sokoni kati ya vyuma vya zamani, ingine kwa watu waliokuwa wakihama nchi. Tuliona hata diski ikifunika sufuria. Kwa hiyo neno «matajiri» halituhusu. Lakini kuko neno lingine lililofichama nyuma yake, na hilo linatuhusu: kwamba mwenye kukusanya anapenda kitu kuliko mtu.

Sikilizeni habari ya Henry Grimes. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1935, mpigaji wa besi kubwa. Alipiga na Sonny Rollins, na Cecil Taylor, na Albert Ayler. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akapotea. Wengi walifikiri amekufa. Muda wa miaka zaidi ya makumi tatu wapenzi wa diski walikuwa wakitafuta diski zake, wanazisafisha kwa kitambaa laini, wanajisifu mbele ya wageni. Mwaka 2002 mpenzi mmoja wa muziki, mtumishi wa kusaidia maskini, akafanya kazi ambayo wengine hawakufanya: akamtafuta mtu mwenyewe. Akamkuta Los Angeles, mu chumba kidogo, bila besi. Hata kifo cha rafiki yake Ayler, aliyekufa mwaka 1970, Grimes hakukisikia. William Parker, mpiga besi mwenzake, akamtumia besi. Mwaka 2003 Grimes akapiga tena New York mbele ya watu, na akaendelea miaka mingi kabla ya kufariki mwaka 2020.

Tunauliza: nani alimpenda kweli Grimes, mwenye diski makumi au mwenye kutuma besi?

Na hapa lazima tuseme kosa letu wenyewe. Katika mtaa wetu mlikuwa mzee mmoja aliyepiga gitaa wakati wa ujana wake katika kambi za wafanyakazi. Diski moja aliyopigamo tulikuwa nayo sisi, ndani ya karatasi safi. Tulimsalimia kila asubuhi tukienda shuleni: «Jambo, baba.» Gitaa hakuwa nayo tena. Kila likizo tulisema tutaenda na kaseti kumwuliza habari zake. Mzee akafa mwezi wa mvua. Diski tunayo. Jina la waliopiga pamoja naye hatuna, na hakuna wa kutuambia.

Jean-Bosco Mwenda alipata bahati: mwaka 1952, hapa Likasi, Hugh Tracey alichukua sauti ya Masanga yake, na wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanaijifunza mpaka leo. Wangapi hawakupata mtu wa kuwauliza?

Kwa hiyo, wapenzi, hatuombi kila mtu apende saksofoni ya Ayler. Tunaomba hivi: kila mwenye diski, ya jazi ao ya kwetu, aandike ndani ya karatasi yake majina ya wote waliopiga, si ya mwimbaji tu. Na kama mmoja wao yuko hai, hata mbali, aende kumwona mbele ya kununua diski ingine. Asiende mikono mitupu.

Yule baba aliyetucheka, tulisikia nyuma kwamba yeye mwenyewe alipigaka ngoma katika orkestra moja miaka ya 1970. Siku ya Posho tutakuwa kwake. Kaseti iko tayari.