MDOMO WA KOMBAINI TUUSIMAMIE WENYEWE



Kombaini inakaribia kurudi kijijini. Msimu uliopita tuliipokea kwa shangwe, tukakaa chini ya mwembe kunywa chai, tukamwachia dereva kila kitu. Ilipoondoka, akina mama na watoto waliingia majarubani kuokota masuke, wakajaza madebe. Tukasema, eti baraka hiyo. Baraka gani, ndugu? Ule ulikuwa mpunga wetu, tulioupalilia, tukautilia mbolea, na kuvunwa kwake tumeshakulipia.

Kosa lilikuwa urefu wa kukata. Ule mdomo wa mbele wenye visu uliwekwa juu tangu jaruba la kwanza mpaka la mwisho. Tusimlaumu dereva peke yake. Analipwa kwa ekari, na mdomo ukiwa juu mashine inakimbia. Lakini mpunga haulingani. Palipopata maji vizuri unafika kifuani. Palipokauka unaishia gotini. Hata shina moja lina machipukizi mafupi yenye masuke ya chini. Visu vikipita juu yake, ndiyo basi tena.

Wapo wenzetu wanaosema, "Basi ikate chini kabisa, tupate na majani ya ng'ombe." Nao wamekosea. Mdomo ukishuka mno, mashine inameza mabua mengi, tena mabichi. Inalemewa kupura, inakula mafuta, na punje zinatupwa nyuma pamoja na majani. Visu navyo vinagonga matuta. Mpunga uliolala ndio unaotulazimisha kushuka karibu na ardhi, na hapo dereva aende polepole. Majani ya ng'ombe tutayakata baadaye kwa mundu.

Sisi tunasema hivi: mwenye kuamua urefu ni suke la chini, si dereva wala ng'ombe. Ikate juu kadiri inavyowezekana, mradi masuke yote yaingie.

Mwenye shamba awepo. Mashine ikienda hatua 20, isimame. Funga fito nne, mita 1 kila upande, uziweke chini na kuhesabu. Ukikuta masuke bado yamesimama kwenye mabua, mdomo uko juu. Ukikuta punje nyingi chini ya majani yaliyotupwa nyuma, huenda mashine imelemewa: apunguze mwendo, au ainue mdomo kidogo.

Suke zuri lina punje 100 hivi. Likibaki suke moja katika kila mita ya mraba, ekari nzima umeacha kama kilo 10. Yakibaki matano ni kilo 50, nusu ya gunia la kilo 100! Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza.

Wapo watakaouliza: na wajane wanaookota? Hao tuwapimie debe kwa mikono yetu, kwa heshima. Wasitegemee uzembe wetu.

Tunaiomba kamati iandike katika makubaliano ya mwaka huu kwamba dereva atasimama akiombwa na mwenye shamba, na atarekebisha urefu kila jaruba linapobadilika. Kupandisha au kushusha mdomo ni kazi ya mkono mmoja tu, naye ameketi kitini. Hakumgharimu kitu. Kunyamaza kwetu ndiko kunakotugharimu.

Mwaka huu chai tuinywe jioni.