BAISKELI YA UMEME YA KUKUNJA: YA KUPANDA NA YA KUBEBA

Mfanyakazi anayekaa katika vitongoji vya Harrow, kaskazini magharibi ya jiji la London, huianza siku yake kwa hesabu ya dakika. Tuseme kutoka mlangoni pake hadi stesheni ni kilometa 4. Kwa miguu ni dakika 50. Kwa basi ni dakika ambazo hakuna azijuaye, kwa kuwa basi la asubuhi hukwama katika msongamano ule ule wa motokaa. Treni yenyewe haina taabu kubwa. Taabu iko mwanzo wa safari na mwisho wake, na hapo ndipo watu wengi wa miji ya Ulaya wamepaona mahali pa baiskeli ndogo yenye mota ya umeme, ambayo hupandwa hadi stesheni, ikakunjwa, ikaingizwa behewani kama mzigo wa mkononi, kisha ikakunjuliwa tena mbele ya safari.

Chombo hicho si cha bei ndogo. Zile zenye sifa nzuri hupita pauni 2,500, ambazo kwa wafanyakazi wengi ni karibu na mshahara wa mwezi mzima. Nyumba inayotoa fedha nyingi namna hiyo haina budi kujua inanunua nini, maana baiskeli isiyomfaa mwenyewe huishia nyuma ya mlango, ikining'inizwa makoti.

Jambo la kutazamwa mbele ya mengine yote ni uzito. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na muuza duka ndiye mwenzio katika jambo hili: kwake kilo 22 ni tarakimu tu katika karatasi ya matangazo. Baiskeli ya kawaida ya kukunja, isiyo na umeme, huwa na kilo 11 au 12. Ikitiwa mota na betri hufika 16 au 17 ikiwa imetengenezwa kwa uangalifu, na zile za bei nafuu, zenye magurudumu mapana, springi na betri kubwa, hufika kilo 20 hata 25. Tofauti ya kilo 6 haihisiki barabarani, kwa kuwa mota ndiyo inayofanya kazi. Huhisika kwenye ngazi. Treni za chini ya ardhi za London zina stesheni 272, na ni kama theluthi moja tu ambazo mtu aweza kutoka barabarani hadi penye treni bila kukanyaga kipandio. Pengine kuna ngazi za umeme, lakini ngazi za umeme nazo huharibika, na aghalabu huharibika siku mtu alipochelewa.

Kwa hiyo jaribio la kweli halifanywi kwa kuzunguka uwanja wa duka juu ya kiti. Mnunuzi na aikunje baiskeli mwenyewe, aitie mkononi, begani awe na mkoba wake wa kila siku, kisha apande ngazi za orofa mbili na kushuka. Asiyeweza kufanya hivyo dukani, akiwa hana haraka, hataweza saa kumi na moja jioni penye umati. Ni vyema pia kuuliza kama uzito uliotangazwa ni pamoja na betri, taa, viziba-matope na kikapu, kwani watengenezaji wengine huvitoa vitu hivyo kwenye mizani ili tarakimu ipendeze.

Jinsi baiskeli inavyokunjwa ina uzito wake pia. Mfano unaojulikana zaidi ni Brompton, baiskeli iliyobuniwa na Andrew Ritchie katikati ya miaka ya 1970 chumbani mwake London, ikapewa jina la kanisa la Brompton Oratory lililokuwa likionekana kutoka dirishani. Magurudumu yake ni ya inchi 16, na ikikunjwa huwa na urefu wa sentimeta kama 58, kimo kama hicho, na unene wa sentimeta 27. Yaani huingia nyuma ya kiti cha treni au chini ya meza ya ofisi. Mnyororo wake hufungiwa katikati ya magurudumu mawili, hata mafuta yake yasimguse abiria wa jirani. Ile yenye umeme ilianza kuwafikia wanunuzi mwaka 2018. Betri yake imo ndani ya mkoba unaong'olewa mbele, ikiwa na uzito wa karibu kilo 3, basi mzigo hugawanyika mikono miwili. Jambo hili ni dogo kulitaja ila ni kubwa kwa mtu mwenye mgongo mbovu.

Baiskeli nyingine, kwa mfano nyingi zilizofuata mtindo wa kampuni ya Dahon iliyoanzishwa Marekani mwaka 1982, zina magurudumu ya inchi 20. Hizo hutulia zaidi barabarani, na shimo ambalo gurudumu dogo huliangukia, kubwa hulivuka. Lakini zikikunjwa hubaki pana, na penye behewa lililojaa upana huo ni ugomvi. Anayesafiri treni tupu na barabara mbovu atazipenda. Anayesafiri saa ya umati hatazipenda. Yafaa vilevile kutazama kama chombo kikikunjwa huweza kukokotwa juu ya vigurudumu vyake vidogo, maana safari ndefu ndani ya stesheni kubwa si ya kubeba bali ya kukokota.

Sasa betri. Wanunuzi wengi hutaka iliyo kubwa kuliko zote, kwa hofu ya kuishiwa umeme njiani. Hofu hiyo huwagharimu fedha na kilo bure. Nguvu iliyomo katika betri hupatikana kwa kuzidisha volti zake kwa ampea-saa zake: volti 36 mara ampea-saa 10 ni wati-saa 360. Mpandaji wa kadiri, katika mji usio na milima mikali, hutumia kama wati-saa 10 kwa kila kilometa, zaidi kidogo akiwa mzito au upepo ukiwa wa mbele. Yule mkaaji wa Harrow ana kilometa 4 asubuhi kufika stesheni, labda 2 nyingine mpaka kazini, na jioni vivyo hivyo: jumla 12. Wati-saa 120 zinamtosha. Betri ya wati-saa 300 itampeleka siku mbili na kubakiza akiba, hata katika baridi ya Januari ambapo betri hupoteza sehemu ya nguvu zake. Ya wati-saa 500 ingemletea mzigo wa kupandisha ngazi kila siku kwa ajili ya safari asiyoifanya. Na kwa kuwa betri huchakaa hata ikitunzwa vizuri, baada ya miaka kadhaa itahitajiwa nyingine, nayo ni mamia ya pauni; swali la bei ya betri ya pili liulizwe siku ya kununua ya kwanza.

Mota haihitaji maneno mengi. Zilizo nyingi hukaa katika kitovu cha gurudumu la mbele au la nyuma, na gurudumu dogo husaidia, kwa kuwa mota ile ile husukuma kwa nguvu zaidi likiwa dogo. Ya mbele huacha mahali pa kukunjia wazi lakini yaweza kuteleza kidogo penye mlima na mvua. Ya nyuma hushika vizuri, ila siku ya pancha kazi ya kutoa gurudumu ni ndefu zaidi. Kilicho muhimu kuliko mahali pake ni kipima chake. Kuna kinachopima nguvu ya mguu, na mota hufuata mguu kwa upole. Na kuna kinachojua tu kwamba pedali inazunguka, ambacho huwasha mota ghafula na kuizima kwa kuchelewa. Katikati ya watu na mabasi, cha kwanza ndicho cha kuchagua, hata kikiongeza bei.

Sheria nayo ina sauti yake. Katika Uingereza, baiskeli ya umeme huhesabiwa kuwa baiskeli iwapo mota yake haipiti wati 250, inaacha kusukuma mwendo ukifika kilometa 25 kwa saa, na mpandaji ametimiza umri wa miaka 14; nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina mpaka wa wati na mwendo uo huo. Ikipita hapo, kwa kawaida huhesabiwa kama pikipiki, pamoja na namba, leseni na bima yake. Zipo zinazouzwa kwa posta zikiwa na wati 500 au zaidi, zikisifiwa kwa nguvu. Nguvu hiyo haimfikishi mtu kazini mapema. Humfikisha kwa polisi.

Lakini jambo linalowagusa wote waliomo nyumbani, watoto pamoja na wazee, ni moto. Betri za aina ya lithiamu zimo katika simu na redio ndogo bila kisa, ila ya baiskeli ina vidonge vingi vilivyofungwa pamoja, na kidonge kimoja kikiharibika kwa kuanguka, kwa maji au kwa kutiwa umeme usiofaa, joto lake huwasha cha pili, na cha pili cha tatu. Moto huo huja kwa dakika chache, hutoa moshi wa sumu, na hata ukizimwa waweza kuwaka tena. Katika jiji la New York, mwaka 2023, betri za lithiamu zilisababisha mioto 268 na vifo vya watu 18. Mwaka huo huo jiji hilo lilianza kutekeleza sheria inayokataza kuuzwa kwa baiskeli za umeme zisizopasishwa kwa kipimo cha usalama kiitwacho UL 2849.

London nayo ilipata mafunzo yake. Baada ya skuta ya umeme kuwaka ndani ya treni penye stesheni ya Parsons Green mnamo Novemba 1, 2021, skuta zote za namna hiyo zilipigwa marufuku katika usafiri wa umma wa jiji mwezi wa Desemba. Februari 27, 2025, baiskeli ya umeme iliwaka katika stesheni ya Rayners Lane, si mbali na kilima cha Harrow. Chama cha madereva wa treni, Aslef, kilikuwa kikidai hatua zichukuliwe. Kuanzia Machi 31 mwaka huo baiskeli za umeme zisizokunjwa zilikatazwa katika treni za chini ya ardhi na nyinginezo za mamlaka ya usafiri ya jiji. Za kukunja ziliachwa, kwa hoja kwamba ni nadra kuwa zimegeuzwa kwa kufungwa mota na betri za kuokoteza baada ya kutoka kiwandani.

Hoja hiyo ina maana kubwa kwa mnunuzi. Ruhusa anayoifurahia imesimama juu ya imani kwamba chombo chake kimetoka kiwandani kizima. Anayechukua baiskeli ya kawaida ya kukunja akaifunga mota ya bei rahisi aliyoagiza kwa posta huenda akaokoa pauni 1,500, huku akiwaleta ndani ya behewa, na ndani ya chumba cha kulala, wale vidonge wasiojulikana walikotengenezwa. Katika Ulaya alama ya kutafuta ni kipimo cha EN 15194. Chaja iwe ile ile iliyokuja na baiskeli. Plagi ya nyingine yaweza kuingia vizuri ilhali volti zake ni tofauti, na hapo ndipo msiba uanzapo.

Wazima moto wa London huwaambia watu wasiichaji betri usiku wakiwa wamelala, wala katika ukumbi unaoelekea mlangoni. Ushauri huu wa pili ndio usiofuatwa, na sababu yake ni rahisi kuelewa: vyumba vya London ni vidogo, ukumbi ndio mahali pekee penye nafasi, na baiskeli iliyokunjwa inakaa hapo kana kwamba imepimwa. Moto ukianzia hapo, njia ya kutokea imefungwa na kitu chenyewe kinachoungua. Betri inayong'oka hutatua sehemu ya tatizo, kwani yaweza kuchajiwa jioni mapema, juu ya sakafu ya mawe ya jikoni, watu wakiwa macho, nayo baiskeli ikabaki popote. Mpangaji asome mkataba wake kabla ya kulipa, maana wenye nyumba wengine hawaruhusu kabisa.

Inafaa kusemwa pia kwamba si kila mtu anahitaji umeme. Mwenye kilometa 2 za tambarare hadi stesheni atafika kwa baiskeli ya kukunja ya kawaida akiwa hajatoa jasho, atabeba kilo 5 pungufu, hatakuwa na betri ya kulinda wala ya kubadili, na fedha iliyosalia yaweza kumlipia tikiti za treni kwa miezi. Umeme ni wa kilima, wa masafa, wa goti linalouma, na wa yule ambaye lazima afike kazini nguo zikiwa kavu.

Kwa jamaa wa Afrika Mashariki wanaoishi huko, ambao huota kuja nacho chombo hiki likizoni au kumletea ndugu Kampala au Bujumbura, ipo habari moja isiyopendeza. Ndege za abiria hazichukui betri ya lithiamu inayopita wati-saa 160, iwe mkononi au katika mizigo ya chini, na karibu zote za baiskeli hizi hupita hapo. Fremu, mota na magurudumu vyaweza kufungwa sandukuni na kupelekwa uwanjani kama mzigo wa kawaida. Betri itabaki London, imetiwa umeme nusu tu, mahali pakavu, ikimngoja mwenyewe arudi.