Kabla Fundi Hajaunga Vioo Vyako na Alamu, Muulize Swali Moja

Wasee, leo naanza na makosa yangu, ndio mtu asiseme najifanya mjuaji.

Gari ya mamangu ni ya kawaida tu, ilitoka Japan, na vioo vyake vya pembeni vinajikunja kwa stima. Kuna swichi mlangoni kwa dereva. Shida ni kwamba ukishatoa funguo, swichi imekufa. Ukisahau kukunja mapema, vioo vinalala nje usiku mzima, na kwetu parking ni pembeni ya njia ambayo mikokoteni hupita. Tumechonga namba ya gari kwenye vioo kama nusu ya Nairobi, lakini namba haizuii mkokoteni.

Kwa hivyo nikataka ile kitu nyote mmeona: unabonyeza rimoti ya alamu, milango inafunga, vioo vinajikunja vyenyewe. Sitadanganya, mbwembwe zilinivuta. Lakini kuna sababu ya maana, na mpaka leo naitetea. Kuna wezi hubeba kifaa cha kuvuruga mawimbi ya rimoti. Wewe unabonyeza huku unatembea kuingia supermarket, hata hugeuki, na gari haijafunga. Vioo vikiwa vinafuata alamu, unaangalia tu ukiwa mbali. Vimejikunja? Alamu imesikia. Bado viko nje? Rudi.

Fundi alikuja nyumbani Jumapili jioni. Mzee mpole, mkono wake ni safi kwa waya.

"Kijana, unataka na moduli ama nikuungie tu?"

"Tofauti ni gani, fundi?"

"Elfu mbili."

"Basi niungie tu."

Hayo ndiyo mazungumzo yote tulifanya. Sikuuliza moduli inafanya kazi gani, naye hakunieleza. Pesa ilikuwa ya mamangu, na mimi ndiye nilikuwa naitetea hiyo elfu mbili kama yangu.

Akachukua ule waya wa alamu unaofunga milango, akautumia kuamsha relei za vioo. Jaribio la kwanza, vioo vilisimama katikati, kama mtu amekunja mkono nusu. Akaingia kwenye mipangilio ya alamu, akabonyeza-bonyeza, akajaribu tena. Vikafunga mpaka mwisho. Nikamwona genius. Nikachukua video.

Jumatatu asubuhi mamangu aliwasha gari pale parking, ikakaa kidogo, vioo vikajikunja. Akadhani ni mimi nimechezea, akavifungua kwa swichi, akaenda. Njiani akaweka mafuta, akawasha tena, na akiwa tu anatoka petrol station kujiunga na Thika Road, vioo vyote viwili vikajikunja. Kulia kwake kulikuwa na matatu, na hakuna kioo cha kuiona. Alifunga breki, wa nyuma wakapiga honi, akarudi pembeni. Akanipigia simu.

"Wewe, gari imefunga macho."

Hakunitukana. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Sasa kilichotokea ni hiki. Alamu nyingi za kununua hufunga milango zenyewe sekunde chache baada ya kuwasha gari, ndio mtu asifungue mlango mkiwa kwenye jam. Ni kitu kizuri. Lakini waya unaofunga milango haujui kama umefunga kwa sababu umeegesha ama kwa sababu umeanza safari. Kwake yote ni "funga". Ukiupa kazi ya vioo, utakunja vioo saa zote mbili. Fundi alijaribu mara tano, na mara zote tano gari ilikuwa imezimwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na simu mkononi, na sikufikiria kumwambia, "Hebu washa tuone."

Na kuna ile ya kubonyeza-bonyeza mipangilio. Mota ya kufunga mlango inahitaji stima kama nusu sekunde hivi, basi. Kioo kinahitaji sekunde kadhaa kujikunja. Alamu nyingi huwa na mpangilio wa kurefusha huo muda mpaka sekunde tatu na nusu, uliowekwa kwa sababu ya gari za zamani ambazo milango yake ilifungwa kwa pampu ya hewa. Fundi aliurefusha ili vioo vimalize. Maana yake, kila tukifunga gari, mota ndogo za milango zilikuwa zinasukuma ukuta kwa sekunde tatu zaidi. Baada ya wiki mbili mlango wa nyuma kushoto ukaanza kuvuma na kutoa harufu. Elfu mbili niliyookoa ikaishia hapo.

Fundi aliporudi hakubishana. Alibadilisha kila kitu, na safari hii nilimwuliza kila waya unaenda wapi mpaka akacheka.

Moduli kazi yake ni kushika ile amri fupi ya alamu na kuvipa vioo muda wao, ili milango ibaki na nusu sekunde yake. Mota ya kioo ina waya mbili: chanya na hasi zikikaa hivi inakunja, ukizigeuza inafungua. Ndio maana pia unaweza kutumia relei mbili za miguu mitano kugeuza, na stima ya swichi ya mlangoni ikapitia humo, swichi isife. Stima inatoka kwa betri moja kwa moja, kwa sababu ile ya kawaida ya vioo inakatika ukitoa funguo, na waya huo lazima uwe na fyuzi yake karibu na betri. Waya zikienda mlangoni zipite ndani ya ule mpira wa bawabu, la sivyo mlango utazikata polepole.

Halafu ile kitu iliyokosekana mara ya kwanza: relei moja inayosikiliza funguo. Funguo ikiwashwa, amri ya kukunja kutoka kwa alamu inakatwa kabisa. Alamu ifunge milango vile inataka, vioo havisikii.

Kwa hivyo swali la kumwuliza fundi ni, "Gari ikiwa inawaka na alamu ifunge milango, vioo vitafanya nini?" Akisita, bado usimpe gari. Akisema haiwezi kutokea, mtafute mwingine. Na usilipe kabla hujakaa ndani, ukawasha, ukasubiri dakika nzima ukitazama vioo.

Kama gari yako ni ya juzi juzi, ambayo kioo kinaamriwa na kompyuta ndani ya mlango, usikubali mtu akate waya hapo kwa kubahatisha. Tafuta moduli ya hiyo modeli ama ukunje kwa mkono. Mkono hauchomi kompyuta.

Yetu sasa inafanya kazi fiti. Usiku naichungulia kwa dirisha, vioo vimelala. Lakini mamangu bado akiwasha gari hasongi. Anakaa, kidole kwa swichi, anaangalia kioo cha kulia, cha kushoto, tena cha kulia, mpaka milango ifunge. Ndio anatoka.