Raha Ndogo za Misimu na Uhai wa Maneno: Funzo Kutoka Japani

Chema hakidumu, ndivyo walivyonena wahenga, na aghalabu methali hiyo husikika matangani. Nchini Japani, wazo hilohilo huwatoa watu majumbani kwenda kustarehe. Maua ya sakura yakishachanua kikamilifu hudumu takribani juma moja tu kabla ya kupukutika. Kwa sababu hiyo, wafanyakazi wa ofisini, wanafunzi na vikongwe hutandika mikeka katika bustani kama ile ya Ueno jijini Tokyo, wakala na kunywa chini ya matawi. Shughuli hiyo huitwa hanami, yaani kutazama maua. Lau maua hayo yangechanua mwaka mzima, ni nani angejisumbua kutandika mkeka?

Wapo wanaoshikilia kwamba raha za namna hii ni upuuzi, au ni hila za wafanyabiashara wanaobadilisha rangi ya vifurushi vya peremende kila msimu. Dai hilo lina chembe ya ukweli, kwani maduka ya Japani huuza msimu kama yanavyouza sabuni. Hata hivyo, halifiki kwenye kiini cha jambo. Mwenye duka hakuiumba hamu hiyo, aliikuta. Iliyoilea ni lugha.

Katika ushairi wa haiku wenye mizani 17, mapokeo hudai kila shairi liwe na kigo, yaani neno linaloashiria msimu. Maneno hayo hukusanywa katika kamusi maalumu ziitwazo saijiki. Fauka ya hayo, kalenda ya kale iliyotoka Uchina, na kurekebishwa mwaka 1685 na Shibukawa Shunkai ili ilingane na hali ya Japani, iliugawa mwaka katika vipindi 72 vya takribani siku tano tano. Kila kipindi kilipewa jina lake, kwa mfano kile cha vyura kuanza kulia. Ndiyo maana kengele ndogo ya kioo inayolizwa na upepo huleta hisia ya ubaridi wakati wa kiangazi, ingawa haipunguzi joto hata kidogo. Viazi vitamu vya kuchoma hutangaza majira ya majani kupukutika. Baridi ikizidi, jamaa huingiza miguu chini ya kotatsu, meza fupi yenye blanketi na kipasha joto, wakamenya machenza. Hivi ni vitu vya bei nafuu. Uzito wake umetokana na maneno yanayovitaja.

Maneno hayo sasa yamo hatarini. Tangu mwaka 1953, Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ilikuwa ikirekodi siku ambayo nyenze alisikika kwa mara ya kwanza, kimulimuli alipoonekana na ua lilipochanua. Kuanzia mwaka 2021, idara hiyo iliacha kuchunguza aina zote 23 za wanyama, ikabakiza aina sita tu za mimea. Sababu mojawapo ni kwamba wanyama hao walikuwa wameadimika karibu na vituo vya mijini. Mwaka huohuo, sakura za Kyoto zilifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliotangulia katika kumbukumbu zilizoanza karne ya 9. Shairi linaendelea kumtaja kimulimuli ilhali mtoto wa mjini humwona kitabuni. Neno likitengana na kitu chake hubaki pambo, na raha iliyokuwa ndani yake hutoweka.

Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kuwacheka Wajapani wala kuwaiga kwa kupanda sakura. Lugha yake imejaliwa masika na vuli, kipupwe na demani, kaskazi na kusi. Majahazi yalivuka bahari kwa kuzitegemea pepo hizo mbili, na watu wa pwani wakapanga safari, uvuvi na biashara kwa kuzifuata. Leo maneno hayo hukaririwa kwa ajili ya mtihani. Anayeulizwa demani huanza lini hukimbilia kamusi badala ya kutoka nje akausikilize upepo.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vina kazi ya kufanya hapa. Viwaendee wavuvi na wakulima, viulize kila msimu huja na samaki gani, tunda gani, chakula gani na mchezo gani wa watoto, kisha viyaandike majibu hayo pamoja na maneno yake. Kamusi ya namna hiyo ingemfaa mshairi na mwalimu pia. Kazi hiyo ifanywe mapema, kabla wazee wanaoyajua hayo hawajaondoka na kabla misimu yenyewe haijabadilika kiasi cha kutotambulika kwa majina yake.