RAM imepanda bei: Mwenye bajeti ndogo anunue kompyuta gani ya kuediti video?

Kwa miaka mingi, kijana anayerekodi harusi na kuediti mwenyewe alipewa ushauri uleule: nunua mashine yenye prosesa nzuri, anza na RAM ndogo, ukipata hela utaongeza.

Ushauri huo sasa unaweza kukutia hasara.

Tangu mwishoni mwa 2025, bei ya RAM imepaa duniani kote. Baadhi ya RAM za DDR5 zilizidi mara mbili ya bei yake ndani ya miezi michache. Kitu kilichokuwa kinaongezwa mwishoni kwa hela ya chenji, leo ndicho kinachoamua utanunua mashine gani.

Anayeumia zaidi ni yule mwenye bajeti ndogo. Studio kubwa itapandisha bei kwa wateja wake. Wewe uliyeshika advansi ya harusi ya Jumamosi huna pa kupandishia.

Kwa nini RAM imepanda?

Sehemu kubwa ya chipu za RAM duniani inatoka kwa kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani.

Kampuni hizohizo ndizo zinazotengeneza HBM, kumbukumbu maalumu inayotumika kwenye kadi za akili mnemba. Vituo vya data vinanunua kwa mikataba mikubwa na vinalipa vizuri. Wewe unanunua kijiti kimoja. Kiwanda kikizidiwa na oda, unajua nani atahudumiwa kwanza.

Oktoba 2025, Samsung na SK Hynix zilitangaza makubaliano ya awali ya kuipatia OpenAI chipu kwa ajili ya mradi wake wa Stargate. Desemba 3, 2025, Micron ikatangaza kuachana na Crucial, biashara yake ya kuuza RAM na SSD kwa watumiaji wa kawaida iliyodumu miaka 29. Ilisema itaendelea kusafirisha mzigo hadi Februari 2026.

Kiwanda kipya cha chipu hujengwa kwa miaka, si kwa miezi. Kwa hiyo anayekwambia "subiri kidogo itashuka" anabahatisha.

DDR4, RAM ya kizazi kilichopita, nayo imepanda kwa sababu watengenezaji walishaanza kuiacha. Lakini kuna tofauti moja: DDR4 nyingi tayari imo ndani ya kompyuta zilizotumika. Hapo ndipo pa kupitia.

Mashine za ofisini

Ukipita Kariakoo au Luthuli Avenue utaziona zimepangwa: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni yale maboksi ambayo wengi wetu tunayaita CPU, yaliyotumika ofisini nje ya nchi kisha yakaletwa huku.

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na ofisi nyingi zikalazimika kubadilisha mashine. Hiyo ni nafasi kwa mnunuzi wa mtumba, lakini ina mtego.

Mashine zilizosukumwa nje na mabadiliko hayo ni hasa zile za Intel za kizazi cha 7 kushuka chini, kwa sababu karibu zote hazikubaliki kwenye Windows 11. Ndiyo maana bei yake inavutia. Kwa kazi ya video, lenga kizazi cha 8 kwenda juu.

Kizazi unakisoma kwenye namba ya prosesa. i5-7500 ni kizazi cha 7, ina kori nne. i5-8500 ni kizazi cha 8, ina kori sita. Kwa macho maboksi mawili yanaweza kufanana kabisa, ila wakati wa kurenda utaijua tofauti.

Wapo watakaokushauri ununue ya zamani uweke Linux. Inawezekana, na Kdenlive ni programu ya bure inayofanya kazi vizuri huko. Ila kama mpango wako ni DaVinci Resolve ya bure, jua kwamba toleo lake la Linux halifungui video za H.264 na HEVC, ambazo ndizo simu nyingi zinarekodi. Utakuwa unabadilisha kila faili kabla ya kuanza kazi.

Anza na video yako

Kabla ya kuuliza bei, jiulize: narekodi kwa kutumia nini?

Ukirekodi kwa simu, faili zako ni H.264 au HEVC. Hizi zimebanwa sana ili zisijaze simu, na kompyuta inatoka jasho kuzifungua. Habari njema ni kwamba prosesa nyingi za Intel zina sehemu maalumu ya kufungulia video, iliyo ndani ya chipu yake ya picha. Kuanzia kizazi cha 7, sehemu hiyo inafungua hata HEVC ya biti 10.

Hivyo mashine ya kizazi cha 8 isiyo na kadi ya picha inaweza kucheza video ya simu bila kukwama. Cha kuangalia ni herufi ya mwisho: prosesa yenye F, kama i5-12400F, haina chipu ya picha ndani. Bei yake ni nzuri, lakini utalazimika kununua kadi.

Ukirekodi kwa kamera inayotoa HEVC ya biti 10 aina ya 4:2:2, hesabu inabadilika. Kwa kompyuta ya mezani unahitaji Intel ya kizazi cha 11 kwenda juu yenye chipu ya picha. Kadi za NVIDIA za kabla ya mfululizo wa RTX 50 haziifungui aina hiyo. Hapo ndipo wengi wanapolia: kadi ya hela nyingi, na video bado inakatakata.

Hela igawanywe vipi?

Kwanza RAM. GB 16 ndiyo pa kuanzia, GB 32 kama unaziweza. Nunua mashine ambayo tayari inazo ndani, usinunue ahadi ya kuongeza. Vijiti viwili vya GB 8 ni bora kuliko kimoja cha GB 16, maana chipu ya picha ya ndani inaazima RAM hiyohiyo, na vijiti viwili huipa njia pana zaidi.

Na kwa bei za sasa, RAM yenyewe ni mali. Usilipe kabla mashine haijawashwa mbele yako. Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory. Utaona ziko GB ngapi na matundu mangapi yametumika. Kilichoandikwa kwenye stika ya nje hakitoshi.

Pili SSD. Hizi nazo zimepanda, kwa hiyo usinunue kubwa kwa sifa. SSD ibebe Windows, programu na kazi unayoifanya wiki hii. Kazi zilizokwisha zihamie kwenye hadi diski ya kawaida.

Piga hesabu: kwa vipimo vya Apple, iPhone ikirekodi 4K ya fremu 30 kwa HEVC inatumia takribani MB 170 kwa dakika. Harusi ya saa tatu ni kama GB 31 kwa simu moja. Mkiwa na simu tatu, ni zaidi ya GB 90 kwa shughuli moja. SSD ya GB 256 inabeba kazi hiyo, lakini haibebi msimu mzima wa harusi.

Tatu kadi ya picha, na hii inaweza kusubiri. Inasaidia sana kwenye kusahihisha rangi, kuondoa chembechembe za gizani na efekti nzito. Kama kazi yako ni kukata, kuunga, kuweka muziki na maandishi, usiipe hela ya RAM.

Ukipanga kuiweka baadaye, chagua boksi mapema. Yale maboksi membamba yanapokea kadi fupi tu, na pawa saplai zake ni ndogo. Tafuta kadi isiyozidi wati 75, inayopata umeme kupitia mazabodi bila waya wa ziada. Vile vidude vidogo kabisa vya kushika mkononi vingi havina nafasi ya kadi, na vinatumia RAM za laptopu.

Mwisho, tenga hela ya UPS. Umeme ukikatika ukiwa umefika asilimia 90 ya kurenda, unaanza upya. Ukikatika vibaya, unaweza kuondoka na diski yenye harusi ya watu, na harusi hairekodiwi mara ya pili.

Nakala nyepesi

Mashine ikizidiwa na 4K, usikimbilie dukani. DaVinci Resolve na Premiere Pro zote zinaweza kutengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za video zako. Unakata ukitumia nakala, kisha wakati wa kurenda programu inarudi kwenye faili halisi. Mteja anapata ubora uleule.

Gharama yake ni muda na nafasi ya diski. Ziache zijitengeneze usiku, asubuhi unaanza kazi. Kwa mwenye bajeti ndogo, hii inaokoa hela kuliko kipuri chochote.

Si bora kuediti kwa simu tu?

Ni swali la haki. Kwa video fupi za TikTok au tangazo la duka, simu yenye CapCut inatosha, na anayekulazimisha ununue kompyuta hakutendei haki.

Simu inaishiwa pumzi kazi ikiwa ndefu: kamera tatu, sauti ya maiki pembeni, saa kadhaa za video, na mteja anayetaka marekebisho wiki mbili baadaye. Hapo unahitaji diski ya kutunzia na kioo cha kuonea.

Kwa hiyo pima kazi uliyonayo, si unayoiota. Kama kila mwezi una harusi mbili, mashine ya ofisini ya kizazi cha 8 yenye GB 16 za RAM, SSD na UPS inaweza kuzibeba ukitumia proksi. Kama huna kazi hiyo bado, hela yako ibaki mfukoni.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Kabla ya kulipa, beba faili zako mwenyewe kwenye flashi, za simu au kamera unayotumia. Mwambie muuzaji azicheze hapohapo. Zikikwama dukani, zitakwama nyumbani.